Ndege Gani?

Kunguru alianguka juu ya bati la choo
saa ya uji, kama ndala iliyotupwa.
Kunguru wa Dar, nani angemlilia?
Nikamchota kwa koleo, nikamtupa jalalani,
bawa likanasa, nikalinasua kwa vidole,
nikarudi kuokota mayai
kwa mkono uleule.

Jioni redio ya fundi Mbwana ikasema mafua ya ndege.
Ikasema mbali, nchi za wenzetu,
halafu ikasema tahadhari,
na neno tahadhari halijui umbali.

"Bibi," akauliza Rukwia,
"ni ndege hizi au ndege hawa?"
Maana hapa Kiwalani tunao na tunazo:
zinazotua Kipawa zikitikisa vikombe kabatini,
na wanaolala jikoni kwangu, mitetea thelathini na saba
na jogoo mmoja mwenye deni.
Nikacheka. Hawa, mjukuu wangu.
Akafikiri.
"Sasa wakipiga chafya wanaziba na nini?"

Kideri ninakijua. Kilishanifilisi mara mbili,
shingo zikipinda, kinyesi cha kijani,
asubuhi unahesabu miguu iliyonyooka.
Lakini kideri kina adabu, kinakomea bandani.
Hakipandi kitandani. Hakiulizi jina la mtoto.

Kesho yake Bi Tausi, mwenye jina la ndege,
akawa wa kwanza kukata kona akiniona.
Kitwana wa chipsi akarudisha trei mbili:
"Mama, si mimi, ni wateja.
Siku hizi wanataka kavu."
Kwenye kikoba nikakohoa, pumba tu, vumbi la pumba,
benchi likawa refu ghafla.
Mweka hazina akapokea hisa yangu kwa ncha za kucha
akaifunika na daftari.

Sikuwalaumu. Kunguru mwoga hukimbiza bawa lake.
Na mimi nilikuwa na langu, nisilomwambia mtu:
masika yaliyopita kifaranga kilinyeshewa, kikalegea,
nikautia mdomo wake kinywani mwangu
nikapuliza, kidogo kidogo,
kama anayebembeleza kaa lishike moto,
mpaka kikafungua jicho.
Ndiye huyu jogoo.
Pumzi yangu imo ndani yake.
Na yake je?

Hosiana wa mifugo akaja Alhamisi,
glovu, barakoa, mabuti ya mvua katikati ya jua.
Akachovya pamba kwenye koo za kuku watano,
akauliza nani mgonjwa, nani ana homa,
nani alimshika kunguru.
Nikautazama mkono wangu.
Akasema usichinje, usiuze, usigawe,
mtoto asilale nao, sabuni, mama, sabuni,
yai live mpaka kiini kisimame.
Akasema huenda ni sumu tu, kunguru wanategewa.
Akasema huenda mara nne. Nilihesabu.

Usiku ule kuku walihamia kibanda cha mkaa.
Rukwia akakosa usingizi kwa ukimya wa jikoni.
Mimi nililala na mkono nje ya shuka
kama mgeni ambaye sijamwamini bado.

Jumanne simu ikaita. Hosiana.
"Bi Sikudhani, majibu yametoka.
Wale ndege wako..."
Na ndege ikapita.
Ile kubwa ya saa nane, tumbo jeupe juu ya mabati,
vikombe vikaimba, jogoo akainua shingo,
Rukwia akaziba masikio
macho akaniachia mimi.

Nikaibana simu sikioni, nikapaza sauti:
subiri, mwanangu.
Subiri ipite.